Nani Alichimba Lambo Letu?

Katika vijiji vingi vya Tanzania utaonyeshwa lambo, kipande cha barabara ya kwenda zahanati, kitalu cha miche au matuta ya kuzuia mmomonyoko, na utaambiwa kuwa hiyo ni kazi ya walengwa wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF. Ndiyo miradi ya ajira za muda. Kaya maskini yenye mtu wa kushika jembe hupewa kazi katika miezi ambayo shamba limelala na chakula kimepungua ndani. Kaya inapata ujira, kijiji kinabaki na lambo. Mpango wenyewe hauna ubaya. Ubaya huingilia kwenye karatasi.

Awamu ya tatu ya TASAF ilipoanza kutoa ajira hizi, ujira ulikuwa shilingi 2,300 kwa siku, siku 15 kwa mwezi, miezi minne kwa mwaka. Mlengwa aliyemaliza siku zote 60 alistahili 138,000. Viwango hubadilika, kwa hiyo jambo la kwanza ni kuuliza cha sasa ni kipi na kukiandika mahali kitakapoonekana. Kwa kiwango kile cha zamani, ukimpunguzia mtu siku mbili umemnyima 4,600, fedha ambayo wengi wataona haifai kugombaniwa. Lakini wafanyie hivyo watu 80 kwa mwezi mmoja, inakuwa 368,000. Wizi wa miradi ya namna hii huwa mdogo kwa kila anayeibiwa na mkubwa kwa anayeiba, na ndiyo maana hudumu. Hakuna anayepanda basi kwenda wilayani kwa ajili ya 4,600.

Ushauri ninaoutoa hapa una msingi mmoja. Kijiji kina macho makali sana kuhusu watu na siku zao, na macho hafifu kuhusu simenti, kokoto na kina cha changarawe. Wanaotaka kusimamia mradi wao watumie nguvu zao nyingi pale wanapoona, na pale wasipoona wamwite mwenye kuona. Wengi hufanya kinyume: mkutano mzima hubishana kuhusu mifuko ya simenti ambayo hakuna aliyeihesabu, na daftari la mahudhurio, ambalo kila mtu angeweza kulikosoa, halifunguliwi.

Waliotufundisha jambo hili vizuri zaidi ni vibarua wa Rajasthan, India. Mwaka 1990 wakulima na vibarua wa huko waliunda chama kinachoitwa Mazdoor Kisan Shakti Sangathan, wakiwa pamoja na Aruna Roy, aliyekuwa ameacha kazi ya utumishi serikalini. Madai yao yalianzia kwenye ujira: walifanya kazi za misaada ya ukame, wakalipwa pungufu, na walipouliza wakaambiwa kuwa daftari linaonyesha hawakufanya kazi ya kutosha. Basi tuonyesheni daftari, wakasema. Wakakataliwa. Desemba 1994, katika kijiji cha Kot Kirana, waliitisha mkutano wa hadhara na kuanza kusoma nakala za kumbukumbu walizofanikiwa kuzipata. Jina linasomwa, siku zinasomwa, fedha zinasomwa, kisha mwenye jina anaulizwa. Wapo walioandikwa kuwa wamelipwa kwa kazi ambayo hawakuwahi kuikanyaga. Madai ya karatasi yalikua yakawa madai ya nchi nzima, na mwaka 2005 India ikapitisha sheria ya haki ya kupata taarifa. Mwaka huohuo ikapitisha pia sheria iliyoihakikishia kila kaya ya kijijini siku 100 za kazi kwa mwaka, na kifungu chake cha 17 kikaupa mkutano wa kijiji jukumu la kukagua miradi yake.

Angalia walichokifanya pale Kot Kirana. Hawakuanza kwa kumwita mtu mwizi. Walisoma tu.

Hilo ni muhimu kwetu kuliko sheria zenyewe, kwa sababu kijijini mtuhumiwa ni jirani. Mkewe ndiye unayemwazima chumvi, mwanawe anasoma darasa moja na wako, na kesho ukifiwa yeye ndiye atakayebeba jeneza. Mtu hawezi kusimama mkutanoni akasema mwenyekiti wa kitongoji amekula fedha, hata kama analijua hilo kama anavyolijua jina lake. Lakini anaweza kusema, "Mimi nilifanya kazi siku kumi na moja." Usimwulize mtu kama fulani ni mwizi, mwulize yeye alifanya kazi siku ngapi. Majibu ya watu thelathini ya namna hiyo yatasema lile ambalo hakuna mmoja angethubutu kulisema.

Tuanze basi na daftari. Linapaswa kukaa mahali pa kazi, lijazwe kila siku kabla watu hawajatawanyika, na kila mtu atie saini au dole gumba mbele ya jina lake. Likijazwa Jumamosi kwa siku zote za wiki, hilo limeshakuwa hadithi. Kiongozi wa kikundi asome mahudhurio ya siku kwa sauti kabla ya majembe kubebwa: "Leo tupo 42, hayupo fulani na fulani." Ni kazi ya dakika mbili, na inawafanya watu 42 kuwa mashahidi.

Kila mlengwa awe na daftari lake dogo la shule nyumbani, hata kama hajui kusoma. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuandika tarehe, kazi iliyofanyika na jina la aliyesimamia. Anayelipwa kwa simu aandike pia kiasi kilichoingia na siku kilipoingia, na asiifute meseji. Na hapa niseme neno kuhusu wakala wa fedha: ukimpa simu na namba yako ya siri akutolee, umempa kila kitu. Kama huwezi kubonyeza mwenyewe, nenda na mtu wa nyumbani unayemwamini, na salio lisomwe kabla fedha haijatolewa.

Sasa, daftari la kupikwa linajulikanaje? Likiwa mezani, tazama mambo ambayo mpishi wake hukosa muda wa kuyafikiria. Wino ni mmoja kwa wiki tatu. Alama za kuhudhuria zimenyooka mno, hakuna aliyekosa hata siku moja, hakuna aliyeugua, hakuna aliyefiwa. Dole gumba la watu watano linafanana. Kisha chukua kalenda ya kijiji, ile isiyoandikwa popote ambayo kila mtu anayo kichwani. Tarehe 14 ilikuwa siku ya mnada. Nusu ya kijiji ilikuwa gulioni. Tarehe 19 tulimzika mzee fulani, na siku ya msiba hakuna anayeshika jembe hapa kwetu. Tarehe 22 mvua ilinyesha tangu alfajiri mpaka daraja likafunikwa. Kama daftari linasema siku hizo tatu watu wote 42 walikuwa wakichimba lambo, limejishtaki lenyewe. Mkaguzi kutoka Dodoma au Dar es Salaam hawezi kuyajua haya. Bibi wa kitongojini anayajua bila kuulizwa mara mbili.

Majina nayo yapitiwe. Yupo aliyehamia kwa mwanawe mjini, yupo aliyefariki, yupo asiyejulikana na mtu. Jambo hili si la kufikirika: mwaka 2016 serikali ilifanya uhakiki wa walengwa, na makumi ya maelfu ya kaya yaliondolewa kwenye orodha, yakiwamo ya waliofariki, waliohama na wasiostahili kabisa. Lakini hapa kuna tahadhari. Si kila jina linalotia shaka ni jina hewa. Mama aliyejifungua anaweza kuwa amewakilishwa na mdogo wake. Mzee anaweza kuwa amemtuma mjukuu. Kabla ya kupiga kelele, uliza aliyefika kazini ni nani na fedha ilipokewa na nani. Ikiwa jembe lilishikwa na mjukuu na chakula kikaingia kwa babu, hapo hakuna kesi. Kuna jambo la kuandikwa vizuri tu. Na kaya isiyo na mtu mwenye nguvu haikupaswa kusukumwa kwenye sururu tangu mwanzo. Wapo wazee wanaokwenda kubeba mawe kwa hofu kwamba wasipoonekana wataondolewa kwenye ruzuku ya TASAF. Wanaosimamia wawe wa kwanza kuwatoa hofu hiyo.

Usomaji wa hadhara una mpangilio wake. Anzia kwenye kitongoji, sio kijiji kizima. Kitongojini watu wanajuana hadi mifugo yao, na mwanamke ambaye hafungui mdomo mbele ya watu mia tatu huzungumza vizuri akiwa na majirani zake thelathini chini ya mwembe. Matokeo ya kila kitongoji ndiyo yapelekwe kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji. Msomaji asiwe mtendaji, wala mwenyekiti, wala mjumbe wa Kamati ya Usimamizi ya Jamii, kwa maana hao ndio waliosimamia kazi na hesabu ni yao. Mwalimu mstaafu anafaa. Kijana aliyemaliza kidato cha nne anafaa. Afadhali zaidi kama ametoka kitongoji kingine. Asome polepole: jina, siku 14, shilingi 32,200, yupo? Mwenye jina ajibu, mwandishi aandike jibu kama lilivyotolewa, na waende kwenye jina linalofuata bila kugombana. Ugomvi ukiruhusiwa kwenye jina la tatu, la arobaini halitafikiwa, na mara nyingi ugomvi huo huchochewa kwa makusudi hayo.

Mwaliko pia una siasa zake. Mchumi Benjamin Olken alifanya utafiti katika vijiji zaidi ya 600 vya kisiwa cha Java, Indonesia, vilivyokuwa vikijenga barabara ndogo kwa fedha za mradi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Baadhi ya vijiji viligawiwa mialiko mingi ya mikutano ya kukagua matumizi, pamoja na fomu za maoni zisizo na jina. Ilionekana kuwa fomu zilizopitishwa shuleni, mikononi mwa watoto, zilisaidia kuliko zilizopitishwa kwa viongozi wa mitaa. Haishangazi. Kiongozi anajua nani wa kumpa na nani wa kumsahau. Mtoto hupeleka kwao. Kwa hiyo mkutano wa kusoma daftari utangazwe shuleni, msikitini, kanisani na kwenye mashine ya kusaga, na usiachiwe mtu mmoja mwenye filimbi.

Utafiti huohuo una jambo jingine ambalo wapenzi wa ushirikishwaji, nikiwemo mimi, hatupendi kulisikia. Olken aliwatuma wahandisi wachimbe vishimo kwenye barabara zilizokamilika, wapime tabaka la mawe na mchanga, kisha walinganishe na kilichoandikwa kuwa kimetumika. Pale wanakijiji walipoalikwa kwa wingi, wizi wa ujira ulipungua, lakini wa vifaa haukupungua, na kwa jumla fedha iliyopotea ilibaki karibu palepale. Kilichopunguza upotevu kwa kiasi cha kuonekana, karibu asilimia nane ya gharama, ni kijiji kuambiwa mapema kwamba wakaguzi wa serikali watakuja bila shaka yoyote. Huko Andhra Pradesh, jimbo la India lililosifiwa sana kwa ukaguzi wa kijamii tangu 2006, watafiti Farzana Afridi na Vegard Iversen waliona mwelekeo wa namna hiyo: ukaguzi uliporudiwa, udanganyifu ulihama kutoka kwenye mambo rahisi kugundulika kwenda kwenye vifaa.

Sababu yake haihitaji profesa. Ujira wangu ni wangu. Ukiuchukua nitauona upungufu mfukoni. Kokoto za barabara ni za wote, na cha wote hakina wa kukilalamikia. Tena kokoto zikishafunikwa, nani ataziona?

Hivyo kwa upande wa vifaa kijiji kifanye machache kinayoyaweza, na kiyafanye kwa ukamilifu. Makadirio ya vifaa na gharama yaombwe kabla kazi haijaanza na yabandikwe kwenye mbao za matangazo: mifuko mingapi ya simenti, lori ngapi za mawe, kalavati ngapi, urefu na upana wa barabara, kina cha lambo. Siku vifaa vinaposhushwa wawepo watu wawili wa kijiji wasio wajumbe wa kamati, wahesabu, na watie saini kwenye hati ya mapokezi. Lori la mawe likiingia, tarehe na namba yake viandikwe. Kazi ikikamilika chukua kamba ya mita 50 yenye fundo kila baada ya mita tano, upime urefu mbele ya fundi. Kisha chimbeni kwa sururu sehemu tatu za barabara ambazo fundi hakuzichagua, mwone changarawe ina kina gani. Pigeni picha na kipimo kikiwa ndani ya shimo. Ikionekana pungufu, msijifanye wahandisi. Andikieni mkaguzi wa ndani wa halmashauri yenu aje na wataalamu, na ambatanisheni vipimo na picha. Kazi yenu ni kumfanya mkaguzi ashindwe kusema kuwa hakuambiwa.

Kwa habari ya barua, najua watu wengi huandika kurasa nne za uchungu. Afisa anayesoma barua ishirini kwa siku ataisoma ya ukurasa mmoja. Iwe na jina la mradi, kijiji na kata, kipindi cha malipo, idadi ya walengwa waliohojiwa, siku walizofanya kazi, siku zilizolipwa, tofauti kwa shilingi, na jambo mnaloomba lifanyike. Msimtukane mtu na msitaje chama. Sahihi ziwe nyingi, kwa sababu barua ya mtu mmoja ina mtu wa kutishwa na barua ya watu 35 haina. Njia ya kawaida hupita kwa mtendaji wa kijiji, mtendaji wa kata, hadi kwa mratibu wa TASAF kwenye halmashauri. Kila ofisi mnakopeleka, rudini na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Mkinyimwa kumbukumbu kwa maneno, ziombeni kwa maandishi mkitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ambayo kwa Tanzania Bara inampa raia haki ya kuomba taarifa na inaitaka ofisi kujibu ndani ya siku 30. Palipo na rushwa ya wazi, mathalani mtu anadai chake ili jina liandikwe, TAKUKURU hupokea taarifa kwa simu bila malipo kupitia namba 113.

Makato ya mezani yanahitaji kutajwa peke yake. Siku ya malipo huonekana fursa ya kukusanya kila deni: mchango wa shule, mchango wa ujenzi wa ofisi, hela ya maji ya mgeni, hela ya vocha ya aliyekuja na taarifa. Mchango halali wa kijiji una siku yake na stakabadhi yake. Ujira ufike mkononi ukiwa mzima, kisha anayedaiwa adaiwe nyumbani kwake kama jirani yake asiye mlengwa anavyodaiwa. Kuwakata maskini kwa sababu tu siku hiyo ndio wenye fedha mkononi ni uonevu, hata kama fedha yote inakwenda kwenye madawati.

Watendaji nao wanastahili haki yao. Mtendaji wa kijiji ndiye anayeulizwa habari za mapato, ulinzi, mahudhurio ya shule, kipindupindu na ugomvi wa mipaka, na juu ya hayo anaongezewa fomu za mradi. Makosa mengine kwenye daftari ni ya mtu aliyechoka. Usomaji wa hadhara humlinda pia mtendaji mwadilifu, kwa kuwa uvumi haukai mahali ambapo hesabu imesomwa. Atakayekosea kwa kuchoka arekebishe mbele ya watu na yaishe. Atakayekataa kulifungua daftari ndiye wa kufuatiliwa.

Msiache pia usimamizi ukawa ajira nyingine. Kikundi cha ufuatiliaji kikianza kudai posho ya kikao, posho itatolewa na yuleyule anayepaswa kukaguliwa, na hapo kazi imekwisha. Wajumbe wabadilike kila kipindi cha kazi, nusu wawe wanawake, na asiwepo ndugu wa mwenyekiti wala wa fundi. Epukeni kulianza jambo hili miezi michache kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa. Kila jina litakalosomwa litageuzwa kuwa kampeni, na waliodhulumiwa kweli watabaki wakibishaniwa na watu wenye shida nyingine.

Kwa mujibu wa utaratibu wa serikali za vijiji, Mkutano Mkuu unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe wake. Kama kwenu haujaitishwa kwa muda huo, nenda kwa mtendaji wiki hii ukiwa na majirani zako, mwombe tarehe, na mwambie mnataka daftari la mahudhurio la ajira za muda liwe ajenda ya kwanza baada ya kusomwa kwa muhtasari wa kikao kilichopita.